Sura ya Tisa: Pumzi Isiyo ya Mgonjwa

Inspekta Kobe alivuta kiti hadi karibu na kitanda, akakaa mahali ambapo mwanga wa dirisha ulimpiga usoni. Mgonjwa aliyekuwa mbele yake alizoea kusoma midomo, na midomo iliyo gizani haisomeki. Jina la Kobe alipewa na wenzake kituoni kwa sababu hakuwahi kuonekana akienda mbio, hata siku jiko la kantini liliposhika moto. Yeye hakulikataa. Ukimwona kobe ameinama, ujue anatunga sheria.

"Hiyo sauti ni ya mwanamume au ya mwanamke?" aliuliza.

"Sijui, Inspekta."

"Hujui vipi, na umeisikia siku zote hizi?"

Mgonjwa, ambaye kwa kazi yake watu walimwita Msusi, aligusa kidude cheusi, kikubwa kama kifungo cha koti, kilichoshika kichwani mwake juu ya sikio la kulia kwa nguvu ya sumaku. Waya mfupi ulitoka hapo hadi kwenye kipande kingine kilichokaa nyuma ya sikio. Hilo ndilo waliloliita sikio la nje. Sikio la ndani lilikuwa chini ya ngozi, limepandikizwa kwenye mfupa wa fuvu, na uzi wake mwembamba ulikuwa umeingizwa mpaka kule ambako mishipa ya kusikia huanzia.

"Kwa kitu hiki watu wote nawasikia sawasawa," alisema. "Kama wote wana mafua na wote wanaongea ndani ya debe. Mume wangu namjua kwa maneno yake, si kwa sauti yake. Sasa huyo ananong'ona. Mnong'ono nitaujuaje ni wa nani?"

"Anasema nini?"

"Mwanzo alisema, hukuona kitu. Halafu akaanza kuniita kichaa. Jana nilikuwa nafunga saluni, akapiga kelele ghafla hapa katikati ya kichwa. Kimbia! Nikakimbia, Inspekta, sijui hata nakimbilia wapi. Lori lilinikosa kidogo tu."

Mikono yake ilikuwa juu ya shuka. Ilikuwa mikono ya kazi, yenye kucha fupi na alama za kuungua kwa pasi ya nywele. Kwa miaka mingi, tangu homa ya uti wa mgongo imwibie masikio, mwanamke huyu aliendesha saluni kwa kusoma midomo ya wateja kwenye kioo, na wateja wapya walikuwa wakiondoka bila kujua kwamba aliyewasuka ni kiziwi.

Kipaji hicho ndicho kilichomponza. Wiki iliyopita, mhandisi kijana wa kitengo cha utafiti wa usikivu, ghorofa moja juu ya wodi hii, alianguka kwenye ngazi za nyuma akavunjika shingo. Sakafu ilikuwa imepigwa deki, kila mtu akasema ni ajali, na faili lingefungwa siku hiyo hiyo kama Msusi asingekuwa amekaa kwenye benchi la kusubiri vipimo. Kupitia kioo cha chumba cha vipimo alimwona mhandisi akibishana na mtu mwenye koti jeupe. Mtu huyo alikuwa amempa mgongo. Mhandisi alikuwa amemwelekea, na midomo yake ilisema: *Vinaingia maji. Vile vilivyo ndani ya vichwa vya watu. Leo nasema.* Kabla ya adhuhuri alikuwa maiti. Msusi akaenda polisi kwa miguu yake mwenyewe, na kesho yake sauti ikaanza.

"Vua basi," mume wake alisema kutoka upande wa pili wa kitanda. Alikuwa seremala, mtu mkubwa mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi, na macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. "Nimekwambia mara ngapi, vua hicho kitu!"

"Nikivua simsikii mtoto."

Alisema hivyo bila kupandisha sauti. Binti yao alikuwa na miaka minne, na mitatu kati ya hiyo mama yake alimwona akilia bila kumsikia. Walipowasha kile kifaa kwa mara ya kwanza, neno la kwanza lililomfikia lilikuwa la mtoto huyo, naye alikaa chini sakafuni pale pale kliniki akashindwa kusimama.

Mama mkwe aliguna. Alikuwa amekaa pembeni, akivuta pumzi kwa shida, maana kifua chake kilikuwa na pumu ya siku nyingi. "Mtoto huyo atakaa kwangu," alisema. "Sisemi kwa ubaya, Inspekta. Lakini mtu anayeambiwa kimbia na hewa, akakimbia, leo ataambiwa nini kuhusu mjukuu wangu?"

Kobe aligeuza uso ili Msusi auone vizuri. "Ukivua, sauti inabaki?"

"Inakatika. Kama kuzima redio."

Wazimu, alivyoujua Kobe, hauvuliwi ukawekwa mezani. Lakini wazo hilo halikumfurahisha hata kidogo. Kama haikuwa wazimu, basi kulikuwa na mtu mwenye damu na nyama aliyepata njia ya kuingia ndani ya kichwa cha mwenzake.

Daktari wa akili alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza. Alikuwa mtu mpole, mwenye miwani, anayeongea kama anayeogopa kumwamsha mtu. "Kukatika kwa sauti hakuthibitishi kitu," alisema. "Nimewahi kuwa na mgonjwa aliyefunga kitambaa kichwani na sauti zikamwacha. Familia imeomba atambuliwe kuwa mgonjwa wa akili, na Profesa wa kitengo cha juu ameunga mkono. Mchana natoa uamuzi."

"Ukisaini kwamba ni mgonjwa wa akili, ushahidi wake unakwenda wapi?"

"Hilo unalijua kuliko mimi."

Alilijua. Ungekwenda jalalani, na mtoto angekwenda kwa bibi yake.

"Nipe mpaka mchana basi."

"Mchana ni mchana, Inspekta. Si alasiri."

* * *

Karakana ya kitengo ilikuwa chumba chembamba chenye meza ndefu, taa za kuvuta na mafuvu ya plasta yaliyotobolewa nyuma ya sikio. Kwenye rafu kulikuwa na chupa za maji ya chumvi, na ndani ya kila chupa kifaa kimoja kililala chini kama konokono. Fundi wa vifaa, ambaye kitengo kizima kilimwita Spana, alikuwa na jasho puani ingawa feni ilikuwa ikizunguka juu yake.

"Nataka kusema maneno yaingie kwenye kichwa cha mgonjwa bila mtu aliye karibu naye kusikia," Kobe alimwambia. "Inawezekana?"

Spana alicheka, akaona anacheka peke yake, akaacha. "Ndiyo kazi yetu, mzee. Mtu mwenye sikio hili kwenye kelele haambulii kitu. Kwa hiyo tunatumia maiki." Alichukua kidude kidogo kama kiberiti, chenye kibanio. "Unabana kwenye kola. Ukisema hapa, sauti haipiti hewani. Inakwenda kwa mawimbi moja kwa moja kwenye sikio la nje la mgonjwa. Anakusikia kana kwamba umo ndani."

"Kutoka mbali gani?"

"Kama kutoka hapa mpaka getini kukiwa wazi. Ukuta unapunguza. Sakafu nayo inapunguza, lakini wodi ya chini inafika."

"Na sikio la Msusi limeunganishwa na maiki ipi?"

"Zote. Kila mshiriki wa utafiti tunamwunganisha na maiki zote za kitengo, ili yeyote kati yetu aweze kuzungumza naye."

"Zote ni za nani?"

"Yangu. Ya marehemu. Ya Profesa, na ya Dada Mpimaji. Basi."

Mbili za kwanza zilikuwa mezani, kwenye chaja. Kobe aliiinua ya marehemu. Taa yake ya kijani ilikuwa ikiwaka, imejaa chaji tele. "Mwenye hii amezikwa," alisema taratibu. "Nani anaitumia?"

Spana alifuta pua kwa mkono wa shati. "Hakuna."

"Hakuna, na imejaa?"

"Ninaichaji mimi."

"Kwa nini?"

"Sijui, mzee. Wallahi sijui. Kila jioni nilikuwa nazichaji mbili pamoja, yangu na yake. Siku waliyomzika nilirudi hapa nikaichomeka tu." Alimnyooshea Kobe mikono yote miwili. "Ukitaka kunifunga, nifunge. Mimi ndiye mwenye funguo, mimi ndiye ninayeziunganisha, najua unavyofikiria."

Kobe aliirudisha maiki kwenye chaja. Alikuwa amekuja na hakika ya nusu kwamba mtu wake ni huyu, na bado hakuwa na sababu ya kuiacha. Akauliza jambo jingine. "Mimi mwenye masikio yangu mazima, naweza kusikia kile kinachoingia kwa mgonjwa?"

Spana alifungua droo, akatoa waya wenye vidude viwili vya kuweka masikioni. "Hizi ni za wazazi wa watoto wadogo. Unachomeka chini ya sikio la nje, unasikia kila kinachoingia. Cha chumbani na cha kwenye maiki."

"Kuna mwingine anayejua umenipa?"

"Nimekupa sasa hivi."

"Basi iwe siri yako na yangu. Twende tukaone hizo maiki mbili zilizobaki."

Walipita kwenye korido. Chumba cha vipimo kilikuwa na kioo kinene cha kutazamia, na ndani yake mtaalamu wa kupima usikivu, ambaye wagonjwa walimpenda na kumwita Dada Mpimaji, alikuwa amekaa mbele ya mzee mmoja mwembamba. Dada alikuwa ameshika fremu ya duara yenye kitambaa cheusi, ameiweka mbele ya mdomo. Ndivyo wanavyofanya ili mgonjwa asikie kwa kifaa, asiibe kwa kusoma midomo. Sikio la nje la mzee lilikuwa limevuliwa, liko mezani, limeunganishwa na kompyuta. Mzee alikuwa akimtazama Dada kwa subira ya mtu anayesubiri mvua. Dada alimwona Kobe kupitia kioo, akainua kidole kumwomba asubiri kidogo, na macho yake yalitabasamu juu ya kile kitambaa.

"Na Profesa?" Kobe aliuliza.

"Yuko chumba cha upasuaji, jengo lile la ng'ambo," Spana alisema. "Tangu asubuhi ana mikono ndani ya kichwa cha mtu."

Hapo ndipo ukelele ulipopanda kutoka chini. Haukuwa wa Msusi. Alikuwa mume wake, akiita jina la mke wake kama anayeita mtu aliyekwisha kuondoka.

* * *

Kwa mara ya kwanza katika utumishi wake, Inspekta Kobe alikimbia. Alipofika wodini alimkuta seremala amemkumbatia mke wake kiunoni, na mguu mmoja wa Msusi ukiwa nje ya dirisha. Chini yake kulikuwa na lami ya maegesho. Walimvuta ndani, wakamkalisha kitandani.

"Amesema ruka," alisema. "Amesema, ruka kabla hawajamchukua mtoto. Akarudia, akarudia. Nilikuwa naenda kuvua, mkono ukakataa, nikasema nikivua sitajua yuko wapi..."

Kobe alisimama akihema. Sauti ilikuja wakati Spana akiwa begani kwake, mdomo wake umefungwa. Hesabu yote aliyokuja nayo ilikuwa imeporomoka, na Profesa alikuwa ng'ambo ya barabara, mbali na nguvu za maiki yoyote. Kitu fulani kilikuwa kikimsumbua Kobe akilini, kitu alichokiona muda mfupi uliopita, lakini woga ulikuwa umemjaa mpaka hakikamatiki.

Muuguzi alikuwa amekwisha kupiga simu juu. Haikupita muda Dada Mpimaji akaingia mbio, koti lake jeupe limefungwa vifungo vyote mpaka shingoni, akapiga magoti mbele ya Msusi, akamshika mikono. "Pole, mama wee. Pole. Nipo. Tazama midomo yangu, nipo."

Daktari wa akili naye aliingia nyuma yake, na kalamu mkononi. Mama mkwe alimwona akaanza kulia. "Umeona mwenyewe sasa, daktari. Umeona?"

"Nimeona," alisema, kwa huzuni ya kweli.

"Kabla hujaandika," Kobe alisema, "nisaidie jambo moja dogo."

Alitoa ule waya mfukoni. Hakueleza ni kitu gani. Aliinama nyuma ya Msusi, akauchomeka chini ya sikio la nje, akaweka kidude kimoja kwenye sikio lake, na cha pili akampa daktari wa akili. Dada Mpimaji alikuwa amekwenda dirishani kulifunga, amewapa mgongo, akihangaika na komeo.

Kwanza Kobe alisikia chumba. Kilisikika kibovu, kimekwaruzwa, viti vinaburutwa ndani ya debe kama Msusi alivyosema. Aliwaza jinsi mwanamke huyu alivyojenga maisha yake juu ya makapi haya ya sauti, akaona aibu ya kuwahi kumwuliza kwa nini hamjui mtu kwa sauti.

Kisha chini ya kelele hizo akasikia kitu kingine. Kilikuwa karibu sana, karibu kuliko kitu chochote chumbani. Mtu alikuwa akivuta pumzi.

Kobe alimtazama daktari, na daktari alikuwa ameduwaa, kalamu imesimama hewani.

Pumzi ya nani? Kobe alitazama kifua cha Msusi. Kilikuwa kikipanda na kushuka haraka, na ile pumzi ilikuwa ya taratibu. Akamgeukia mama mkwe na pumu yake, lakini kifua cha mama kilikuwa kikipiga filimbi, na hii haikuwa na filimbi. Seremala alikuwa akilia kwa kwikwi. Muuguzi alikuwa amebana pumzi kabisa kwa woga. Na bado ndani ya sikio la Kobe mtu alivuta, akashusha, akavuta, na nguo ikasuguana na kitu kigumu.

Akaamua kuuliza swali bila kuuliza. "Nimeambiwa habari njema," alisema kwa sauti. "Mtu anayemnong'oneza huyu mama ana maiki. Natuma watu wapekue ghorofa yote ya juu."

Ile pumzi ilikatika.

Chumba kilikuwa kile kile. Dada Mpimaji aligeuka kutoka dirishani, uso mtulivu, akasema, "Ah, hilo ni jambo jema, Inspekta." Maneno hayo Kobe aliyasikia mara mbili, kwa mbali kwenye chumba, na kwa karibu ndani kabisa ya sikio, yakiwa yamejaa mate na joto. Kisha pumzi ikarudi, fupi fupi sasa, kama ya mtu aliyepanda ngazi.

Kobe alijilazimisha asimtazame. Alikuwa na miaka mingi katika kazi hii, amekaa meza moja na watu waliochinja, lakini hajawahi kusikia hofu ya mtu ikimpumulia ndani ya kichwa wakati uso wa mtu huyo unamtabasamia.

"Dada, niitie muuguzi mkuu, tafadhali. Na ufunge mlango, mgonjwa apumzike."

"Sawa."

Alitoka. Mlango ukafungwa. Nyayo zake zilipaswa kufifia, kwa kuwa korido ilikuwa ndefu, lakini hazikufifia. Ndani ya waya viatu viligonga sakafu karibu kama vile vimo chumbani. Mfagiaji akasema, "Shikamoo, dada," na Dada akaitikia, "Marahaba," na yote mawili yaliwafikia Kobe na daktari kupitia kichwa cha mwanamke aliyekuwa amekaa kitandani, macho yake yakihama kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine. Yeye pia alikuwa akisikia.

Viatu vikasimama. Ikaja sauti ndogo, ya mtu anayeongea na nafsi yake. "Mungu wangu, imewaka." Kisha *tik*. Kisha kimya.

"Ni yeye," Msusi alisema. Alikuwa amejikunyata mpaka ukutani. "Dada? Ni yeye?"

Watu wanaovaa maiki kutwa nzima, ugonjwa wao ni mmoja, wa kusahau kuizima. Siku nyingine hilo lingekuwa jambo la kuchekwa kwenye chai. Huyu alikuwa ameitwa ghafla, akafunga koti juu ya maiki iliyokuwa bado inafanya kazi, akashuka nayo mbio kuja kumtuliza yule aliyekuwa akimsukuma dirishani. Na sasa Kobe alikikamata kile kilichokuwa kikimsumbua. Alikuwa amemwona Dada akifanya uovu huo kupitia kioo, mchana kweupe, mdomo umefichwa nyuma ya kitambaa cha kazi, na shahidi pekee aliyekuwa chumbani mle alikuwa mzee aliyevuliwa sikio.

Mlango ukafunguliwa. "Anakuja," Dada Mpimaji alisema.

"Umeizima sasa hivi, dada," Kobe alisema kwa upole. "Tumeisikia ikizimwa, mimi na daktari."

Dada alitazama ule waya. Alijua ni kitu gani kabla macho yake hayajafika mwisho wake. Mkono wake ulikwenda kwenye kola, ukarudi, ukaning'inia. Mume wa Msusi alinyanyuka, na Kobe akamwekea kiganja kifuani bila kumgeukia.

"Mhandisi," Kobe alisema.

"Nilimshika mkono tu. Nilitaka anisikilize. Akajivuta, na sakafu ilikuwa na maji." Alikuwa akiongea na ukuta. "Tangu mwaka jana nilikuwa naona vipimo vyao vinashuka. Kila mgonjwa aliyepungukiwa nilimwongezea umeme, nikamwambia atazoea. Nilidhani ni mmoja, kisha wakawa wawili, na kila mmoja alikuwa akinishukuru. Ningesimamaje mbele yao nikasema? Yule mzee wa juu, leo asubuhi nimemwekea sikio lake, hasikii chochote. Kifaa kimekufa. Anadhani bado napima."

Daktari wa akili alikuwa ameirudisha kalamu yake mfukoni. Mama mkwe alikuwa ameziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

Msusi hakulia wala hakupiga kelele. Alisogea mbele hadi ukingoni mwa kitanda, apate kuiona midomo ya mwanamke yule vizuri.

"Na changu?"

Dada Mpimaji aligeuza uso upande.

"Na changu, dada? Nijibu. Kichwani mwangu ulikuwa ukisema vizuri tu."

"Chako nimekiongeza mara mbili."

"Kitadumu mpaka lini?"

"Sijui. Kinaweza kufika mwakani." Akamgeukia. "Kinaweza kuzima leo."

Kobe alimwita askari aliyekuwa mlangoni, naye akamtoa Dada nje bila pingu. Mama mkwe ndiye aliyeinuka. Alimwendea mkwewe, akanyoosha mkono kumgusa bega, akakosa ujasiri, akaurudisha.

"Nileteeni mwanangu," Msusi alisema.

"Yuko nje na shangazi yake," mama mkwe alisema. "Namleta mwenyewe, mwanangu. Namleta sasa hivi."

Kobe alikuwa bado ana kile kidude sikioni. Aliponyoosha mkono kukitoa, mlango ulifunguliwa, na mtoto akaingia mbio akiwa na kiatu mguu mmoja, akimsimulia mama yake habari ya paka aliyemwona chini ya gari, paka mkubwa, paka mwenye mkia mfupi, naye hakumwogopa hata kidogo. Ilisikika ndani ya debe, bila utamu wowote ambao sikio la Kobe lingeutambua. Msusi alifumba macho akaisikiliza yote.

Ndipo chini ya sauti ya mtoto Kobe akasikia mchakacho mdogo mkavu, kama chumvi iliyomwagwa juu ya makaa. Muda mfupi uliopita haukuwapo. Ulikuja, ukanyamaza, ukaja tena.

Aliinua macho kumtazama Msusi, akiomba awe hajausikia. Alikuwa ameusikia. Alikuwa amemshika binti yake mabega yote mawili, amemvuta karibu mpaka paji la uso likagusana na la mtoto.

"Halafu paka akafanya nini, mama?" alimwambia. "Endelea. Endelea tu, usinyamaze."